Seva iko Mombasa Road, wewe uko Ruiru: kwa nini konsoli ya mbali haifunguki, na kifaa gani ununue

Saa nane na dakika kumi usiku nilikuwa nimepiga magoti mbele ya raki, kabati la kupangia seva, katika kituo kimoja cha data kando ya Mombasa Road jijini Nairobi, viatu vimejaa maji ya mvua, nikichomeka skrini ya kuazima kwenye seva iliyonyamaza tangu saa tano. Skrini ikawaka. Maandishi meupe, mistari miwili: saa ya mashine imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza F1. Feni zikapanda sauti, zikashuka, taa za kijani za diski zikaanza kupepesa, na dakika chache baadaye mfumo wa mauzo wa mteja ulikuwa umerudi. Kibetri cha CR2032, kile kinachofanana na sarafu, kilikuwa kimekufa. Kutoka Ruiru kupitia Eastern Bypass nilikuwa nimetumia saa moja na nusu ili nije nibonyeze kitufe kimoja.

Kilichoniuma ni kwamba raki ile ilikuwa na kifaa cha kuingilia kwa mbali. Tulikinunua miezi mitatu kabla: seva ya konsoli, yaani kifaa kinachokuletea kwa mbali skrini ya maandishi ya mashine, yenye poti nane za serieli, zile za RS-232. Kilikuwa kizima na bado hakikufaa kitu, kwa sababu kifaa cha aina hiyo huonyesha tu kile ambacho mashine inakitoa kwenye poti yake ya serieli, na BIOS ya seva ile, programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, ilikuwa ikiandika kwenye VGA, tundu la skrini, peke yake. Tangu usiku ule, mteja akiniuliza anunue kifaa gani, nami humuuliza ni nini kilichomfungia nje mara ya mwisho. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kifaa. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili, na chini ya kila dalili nimesema nini cha kurekebisha bila gharama na nini cha kununua iwapo hakuna budi.

Seva haijibu, na BMC nayo haijibu

BMC ni kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye bodi mama ya seva. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na anwani yake ya IP, na hubaki macho hata seva ikiwa imezimwa, ili mradi waya wa umeme umechomekwa. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO, na mafundi wengi wa Supermicro huiita IPMI kwa mazoea, jina la itifaki iliyotolewa mwaka 1998. Ndiyo kifaa cha kwanza cha konsoli ya mbali, na mara nyingi tayari umekilipia.

Ikiwa vyote viwili vimenyamaza kwa pamoja, shuku njia kabla ya kushuku mashine. Sababu ninayokutana nayo mara nyingi ni BMC kutumia poti moja na mfumo endeshi. Seva nyingi za Supermicro hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kujichagulia: BMC inapopata umeme hutazama poti yake maalumu, na isipoona kebo hai pale huhamia poti ya kwanza ya kawaida. Sasa fikiria stima imekatika na kurudi. Seva inaamka kwa sekunde chache huku swichi ya usimamizi bado inajiandaa. BMC haioni kitu kwenye poti yake, inahamia upande wa pili, kwenye VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa) ambayo hukuipanga, na kuanzia hapo hutaipata kwenye anwani uliyoizoea. Ingia kwenye ukurasa wake wa mtandao na uchague poti maalumu peke yake. Ukishaingia huko, ipe anwani ya kudumu, usiitegemeze DHCP, ile inayogawa anwani zinazoweza kubadilika.

Ukiwa bado unaweza kuingia kwenye Linux ya seva yenyewe, uko pazuri:

`ipmitool lan print 1`

Amri hiyo itakuonyesha anwani ambayo BMC inaamini ni yake. Ikiwa anwani ni sahihi lakini BMC imeganda, jambo linalotokea kwa zile zilizokaa miaka bila kuwashwa upya, tumia:

`ipmitool mc reset cold`

Hii huwasha upya BMC peke yake na seva inaendelea na kazi zake. Subiri dakika mbili tatu kabla ya kukata tamaa. Isipoamka, dawa iliyobaki ni kuchomoa nyaya zote za umeme za seva, mbili kama ina pawa sapulai mbili, na kusubiri kidogo kabla ya kurudisha. Kazi hiyo inahitaji mtu pale, au PDU, kile kigawa umeme cha raki, ambayo nitaifikia.

Kwa seva za mitumba kuna mtego mwingine. Kwenye Dell za zamani kama R710, poti maalumu ya iDRAC ilikuja na kadi ya Enterprise. Bila kadi hiyo, nyuma ya mashine hakuna tundu la kuchomeka kebo yako. Igeuze uone kabla ya kulipa.

BMC ni nzima, ila barabara ya kuifikia imekatika

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa kuwa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huchomeka BMC kwenye swichi ileile, nyuma ya fayawoli ileile, kwenye faiba ileile inayobeba kazi za kila siku. Siku fayawoli inapokosewa mpangilio, BMC inapotea pamoja na kila kitu, na hakuna kifaa chochote cha KVM, kile kinachokuletea skrini, kibodi na kipanya cha mashine kwa mbali, kitakachokuokoa ikiwa nacho kinapita mlango huohuo.

Kinachohitajika ni njia ya pili: swichi ndogo ya usimamizi, hata ya poti nane, na rauta ndogo yenye modemu ya 4G iliyochomekwa humo. Seva za konsoli za siku hizi, kama za Opengear, huuzwa zikiwa na modemu ndani. Ni ghali, lakini kwa raki yenye swichi na rauta nyingi naona zinalipa.

Kisha unakutana na dalili inayofuata: laini ya 4G iko hewani, bando lipo, kifaa kinapiga pingi nje, lakini wewe ukijaribu kukifikia kutoka nyumbani hupati kitu. Usiharakishe kubadilisha modemu. Laini za simu kwa kawaida hupewa anwani ya ndani ya mtandao wa kampuni, na wateja wengi hushiriki anwani moja ya nje, kwa hiyo hakuna mlango wa kubisha kutoka upande wako. Kifaa ndicho lazima kipige kutoka ndani kwenda nje. Mimi hutumia WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti: kifaa cha kwenye raki kinafungua handaki kwenda kwenye seva ndogo yenye anwani ya wazi, na nyumbani nami naingia kwenye seva hiyohiyo. Weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo mtandao wa simu utasahau njia baada ya muda mfupi wa ukimya na utadhani kifaa kimekufa.

Seva hiyo ndogo ya katikati iwe wapi? Iweke Nairobi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya kutoka nje ikazorota nchi nzima. Fundi aliyekuwa Kasarani, akitaka kuifikia seva iliyo Mombasa Road kupitia handaki lililozunguka Frankfurt, alikuwa akivuka bahari mara mbili kuitafuta mashine iliyo katika mji wake mwenyewe. Trafiki ya hapa nyumbani inaweza kubadilishana humuhumu nchini kupitia KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti kilichoanzishwa mwaka 2000. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kununua KVM inayotegemea wingu la mtengenezaji, uliza kama inaweza kufanya kazi kwa anwani yake tupu bila wingu hilo. Ikiwa haiwezi, mimi siinunui.

Jambo dogo la modemu: kabati la chuma ndani ya jengo la zege hunyonya mawimbi. Nunua antena yenye waya mrefu uitoe nje ya kabati, na uombe ruhusa ya kituo kwanza.

Ukurasa wa BMC unafunguka, lakini konsoli inakataa

Kuna visababishi viwili, na unaweza kuvitofautisha kwa kutazama tu.

Cha kwanza ni leseni. Kwenye seva za raki za Dell, skrini ya mbali huhitaji leseni ya Enterprise au iliyo juu yake. Kwenye ProLiant, seva za HPE, iLO ya kawaida hukuruhusu kuona skrini mpaka mfumo endeshi uanze, kisha inakufungia, na kuendelea zaidi ya hapo ni mpaka ununue iLO Advanced. Dalili yake ndiyo hiyo: ulikuwa unaona BIOS vizuri, Linux ikaanza kupanda, ukaombwa leseni. Supermicro kwa kawaida hutoa konsoli bila malipo ya ziada.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kununua KVM ya pembeni. Linganisha bei kwanza. Kwa seva moja au mbili, leseni ya asili ndiyo chaguo langu: haina waya mpya, haina adapta, na inakuja pia na uwezo wa kupachika diski ya mbali. Tena, kabla hujalipa popote, fahamu kwamba konsoli ya maandishi kupitia mtandao, ile ya serieli, hupatikana kwa iDRAC ya daraja la chini na kwa iLO ya kawaida bila leseni. Kwa fundi wa Linux hiyo hutosha mara nyingi sana. Washa uelekezaji wa konsoli kwenye BIOS ili nayo itoke upande wa serieli, kisha uongeze kwenye GRUB, programu inayoianzisha Linux:

`console=tty0 console=ttyS1,115200n8`

Kwenye mashine nyingine ni ttyS0, kwa hiyo jaribu zote mbili. Halafu kutoka mbali, ukiweka anwani na jina la mtumiaji la BMC yako:

`ipmitool -I lanplus -H 10.20.0.11 -U msimamizi -a sol activate`

Kutoka humo ni alama ya mawimbi na nukta, `~.`, na kama umo ndani ya SSH, njia ya kuingia mashine ya mbali kwa maandishi, iandike alama ya mawimbi mara mbili, la sivyo utakata SSH yenyewe. Laiti ningekuwa nimepanga mistari hii kwenye seva ya usiku ule, ningebonyeza F1 nikiwa kitandani. Na kwenye Dell, humohumo ndani ya BIOS, kuna kipengele cha kuamua kama mashine isubiri F1 inapoona hitilafu. Kizime leo.

Kisababishi cha pili ni Java. BMC za zamani hukupa faili ya jnlp ya kufungulia konsoli, na Java 11 ya mwaka 2018 iliondoa kabisa programu ya kuifungua. Sasisha programu dhibiti kwanza. iLO 4, kwa mfano, ilipata konsoli ya ndani ya kivinjari kwenye toleo la 2.70. Isipowezekana, tunza mashine pepe moja yenye Java 8 na kivinjari cha zamani, uitumie kwa kazi hiyo tu. Ni kwa sababu hii pia nawakataza watu kununua zile swichi kubwa za KVM za mitumba zenye poti 16. Bei yake inavutia, ila nyingi zinadai Java, na kila seva inahitaji kichwa chake maalumu cha kuunganishia kinachotengenezwa na kampuni ileile. Muuzaji akikupa swichi bila vichwa, amekuuzia chuma.

Konsoli inafunguka, ni nyeusi

Bonyeza kitufe kwanza, skrini inaweza kuwa imelala tu. Kama ilionyesha BIOS kisha ikazima mfumo endeshi ulipoanza, weka `nomodeset` kwenye GRUB ujaribu tena. Kama haijawahi kuonyesha chochote, uliza kama kuna kadi ya picha iliyoongezwa. BMC huona tu picha inayotoka kwenye chipu yake ya ndani, kwa hiyo BIOS ikihamishia picha kwenye kadi mpya, BMC inabaki kipofu. Rudisha chaguo la picha ya kwanza liwe la ndani ya bodi.

Ulinunua KVM ya pembeni, haioni picha au haishiki kibodi

Kwa mashine zisizo na BMC, kama vile kompyuta za mezani zilizolazwa rakini, vifaa vidogo kama PiKVM, JetKVM na NanoKVM vimeshusha bei sana, na navipenda kwa dhati. Lakini vinapokea HDMI, wakati seva nyingi za raki hutoa VGA. Ukishuka Luthuli Avenue au Moi Avenue ukiomba adapta ya HDMI na VGA, ile utakayopewa haraka ni ya kutoka HDMI kwenda VGA. Kwa umbo zinaelekeana sana, kwa kazi haigeuziki. Unayoitaka inapokea VGA, inatoa HDMI, na ina kiwaya cha USB cha umeme. Mwambie muuzaji kwa maneno hayo, na ujaribu dukani kama wana skrini.

Picha isipokuja hata kwa adapta sahihi, washa upya seva ukiwa umeshachomeka KVM. Baadhi ya mashine huuliza kuna skrini gani wakati wa kuwaka tu, na zikijibiwa kimya hazitoi picha tena.

Kibodi isiposhika, kagua kebo ya USB. Nyingi za mitaani ni za kuchajia simu tu, hazina nyaya za data ndani. Na kama KVM inakula umeme kutoka USB ya seva, fahamu kwamba seva nyingine hukata umeme huo zinapozimwa. Utazima mashine kwa mbali, KVM ifuatane nayo. Chagua inayolishwa na PoE, umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, au na adapta yake yenyewe.

Serieli inatoa vichorochoro, au kimya kabisa

Vichorochoro ni mwendo wa data usiolingana pande mbili. Cisco huanza na 9600, MikroTik 115200, na seva nyingi 115200. Kimya ni kebo: watengenezaji hawapangi nyaya za RJ45 kwa mfuatano mmoja, na kebo ya Cisco hugeuza zote nane. Soma ukurasa wa nyaya kwenye kijitabu cha kifaa kabla ya kununua kebo kumi za aina moja.

Kuweka mfumo endeshi kwa mbali hakuishi

Piga hesabu. Faili ya usakinishaji ya GB 2.5 kwa laini inayopandisha Mbps 5 ni sekunde 4000, zaidi ya saa moja, hata kabla ya kuhesabu kuchelewa kwa kila ombi. Usisukume faili kutoka sebuleni. Iweke ndani ya raki: kwenye KVM yenyewe kama ina kadi ya kumbukumbu, au kwenye mashine ndogo inayogawa faili mtandaoni kwa NFS, ambapo BMC itaisomea humohumo.

Stima ikirudi, seva hairudi

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda nchini hadi uwanja wa ndege wa JKIA, wengi tuligundua kwamba mipangilio ya BIOS ya baada ya umeme kukatika ilikuwa kwenye kubaki kuzimwa. Iweke kwenye kurudi hali ya mwisho, au kuwaka daima. Kama BMC inafikika, washa kwa `ipmitool -I lanplus -H 10.20.0.11 -U msimamizi -a chassis power on` na hutahitaji kifaa kingine.

PDU inayozimika kwa mbali, tundu kwa tundu, ni ya mambo mawili: BMC iliyoganda, na vifaa visivyo na BMC. Ukikata tundu unakata na BMC pia, kwa hiyo ifanye njia ya mwisho, na kwa seva yenye nyaya mbili kumbuka kukata matundu yote mawili. Kabla ya kuagiza, hesabu matundu ya C13 na C19 (aina mbili za matundu ya umeme ya raki) unayohitaji, na uulize kituo raki yako inalishwa kwa plagi gani. Na rauta ya 4G pamoja na swichi ya usimamizi vikae kwenye UPS. Nimeona raki ambayo seva zote zilikuwa na UPS, halafu swichi ya usimamizi imechomekwa kwenye soketi ya ukutani.

Kabla hujafungua mlango huu kwa nje

BMC isiwe na anwani ya wazi kwenye intaneti, hata kwa wiki moja ya majaribio. Mwaka 2017 ilibainika kwamba iLO 4 zilizokuwa chini ya toleo la 2.53 ziliweza kuingiliwa bila nenosiri kwa kutuma herufi A 29 mahali pamoja. IPMI 2.0 nayo, kwa jinsi ilivyobuniwa, humpa anayebisha kwenye poti ya UDP 623 hashi ya nenosiri, alama iliyokokotolewa kutokana nalo, kabla hajathibitishwa, akaivunje kwa nafasi yake. Pita ndani ya VPN tu. Seva ya mitumba ikifika, badilisha root na calvin kwenye Dell, ADMIN na ADMIN kwenye Supermicro, siku hiyohiyo.

Ukishapanga yote, chagua Jumamosi moja asubuhi, mwambie mteja, kisha chomoa kebo ya faiba kuu kwenye raki huku mwenzako akiwa nyumbani na laptopu. Mpe dakika kumi awe amefika kwenye ukurasa wa BIOS wa seva moja. Akikwama, andika amekwamia wapi, na hicho ndicho kifaa cha kununua Jumatatu.